Boti mpya ikiingiza maji siku ya kwanza, usipaniki

Jana mteja kanipigia toka Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, sauti imemkauka, fundi boti inavuja na ndo kwanza tumeishusha asubuhi! Nikamwambia mdogo wangu, ifunge kamba vizuri, chota maji, usiipandishe mchangani hata kidogo, kesho tuongee.

Iko hivi. Mbao na mbao hata upige randa vipi hazishikani kabisa, na kwenye boti hutakiwi uzibane mpaka mwisho, unaacha kaupenyo kembamba, humo unasokomeza pamba uliyoisokota na kuichovya mawese, haya haya tunayoungia maharage, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo mdogomdogo huku unasikiliza. Ndio, unasikiliza. Pamba ikiwa bado legelege nyundo inalia bubu, ikishakaza inatoa mlio mkavu unaojibu mpaka upande wa pili wa boti, hapo ndo unasogea mbele. Ukizidisha nako ni kosa, maana mbao ikishalowa inavimba na kujiziba yenyewe, ndo maana boti mpya inavuja mwanzoni tu, ila ikikosa pa kwenda inasukumana na mwenzie mpaka misumari inalegea. Kuna jamaa alinilazimisha nimalizie yake kwa mbao mbichi, kiangazi kilipofika zilisinyaa mpaka mwanga unapenya, na lawama nikabeba mimi.

Kwahiyo mi boti nzuri siiangalii rangi. Nainama chini nakagua maungio, halafu nasimama mbali naangalia ule mkunjo unaotoka ubavuni kupanda mdomoni, kama umepanda taratibu bila kuvunjika najua itapasua wimbi na mzigo wa dagaa ndani. Hakuna kitu kizuri kama hicho aisee. Hata Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, chuma cha Mjerumani kilichoundwa Papenburg 1913 kikaja vipande vipande kuunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini 1915, vijiji vingi havikuwa na gati, meli ilikuwa inasimama majini huko, abiria na magunia yao wanapokelewa na boti za mbao.

Kazi inajaa siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa vizuri basi wavuvi wanapumzika wanatuletea boti tuzibe upya.

Huyo mteja wangu wa Kibirizi kapiga tena leo alfajiri. Usiku kachota ndoo nne, asubuhi nusu ndoo, jioni anafunga taa za kuvulia dagaa.