Kwa Nini Mama Hatakiwi Kulala Chali Akifanyiwa Upasuaji wa Kujifungua

Malalamiko kuhusu chumba cha upasuaji yameongezeka, na mengi yana sura moja: mama anasimulia kwamba kitanda kilipindishwa hadi akahofia kuanguka, ndugu wanahitimisha kuwa kitanda ni kibovu. Kitanda ni kizima. Tumekiinamisha kwa makusudi.

Mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguuni kwenye moyo umepita kuliani mwa uti wa mgongo. Mimba iliyovuka wiki 20, mama akilala chali, huulalia. Damu hairudi vya kutosha, moyo unakosa cha kusukuma. Kwa kawaida mishipa hujikaza kufidia, lakini ganzi ya mgongo huilegeza, na damu hutuama miguuni. Mishipa ya mji wa mimba nayo imeshatanuka, haina namna ya kujirekebisha: presha ya mama ikishuka, damu inayofika kwenye kondo hupungua papo hapo. Mimba ikikomaa, mji wa mimba hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Hebu fikirini mtoto anapokatiwa sehemu ya hiyo.

Ndiyo maana tunaweka shuka iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia, au tunainamisha kitanda kushoto kwa nyuzi 15 hivi. Isipotosha, msaidizi husukuma tumbo kushoto kwa mikono.

Wapo wanaosema kulalia kushoto kunamnyonga mtoto kwa kitovu. Si kweli, na inasikitisha kuyasikia haya kwa watu waliohudhuria kliniki miezi yote. Wodini tunamkuta shangazi ameichomoa shuka ili mgonjwa "anyooke vizuri". Punde mama anatokwa na jasho jembamba, anapiga miayo, anataka kutapika.

Baada ya sindano ya ganzi, presha hupimwa kila dakika hadi mtoto atoke. Tunajitahidi isishuke chini ya asilimia 90 ya ile aliyokuja nayo, kwa dripu na dawa kama fenilefrini au efedrini. Kupewa dawa hizo si ushahidi wa uzembe. Nawe mama, ukihisi kichefuchefu, kizunguzungu au pumzi kukatika, sema hapohapo. Usijikaze.

Kwa upasuaji uliopangwa: chakula kiachwe muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Aliyekula ataahirishwa. Fomu ya ridhaa husainiwa na mama mwenyewe. Ndugu atakayebadilisha mkao wa mgonjwa au kugusa dripu ataombwa kutoka wodini, na tukio litaandikwa kwenye kitabu cha zamu.

Malalamiko yaletwe kwa maandishi, na mgonjwa au mtu aliyemteua kwa maandishi, yakiwa na namba ya faili, tarehe na zamu. Mlalamikaji anaweza kuomba kuonyeshwa karatasi ya ganzi, ambako mkao wa mama na kila kipimo cha presha vimeandikwa. Tutakaa naye tuisome mstari kwa mstari.