Kiliasimu: miaka elfu ya Ufunuo masikioni mwa Wakristo wa kwanza

Ufunuo sura ya 20 inasema Shetani atafungwa miaka elfu, na waliokatwa vichwa kwa ajili ya ushuhuda wa Yesu watafufuka watawale pamoja na Kristo muda huohuo. Ni mistari michache tu, lakini ndiyo iliyozaa kiliasimu, neno lenye asili ya Kigiriki, kutoka neno la "elfu". Maana yake ni imani kwamba Kristo atarudi kwanza, atawale hapahapa duniani miaka elfu, ndipo ije hukumu ya mwisho.

Katika karne ya 2 walioishika imani hii hawakuwa watu wa pembeni. Papia, askofu wa Hierapoli katika Uturuki ya leo, alisimulia kwamba siku hizo mzabibu mmoja utakuwa na matawi 10,000, kila tawi na vitawi 10,000, na kuendelea hivyo hadi punje moja ikikamuliwa itoe vipimo 25 vya divai. Ukicheka, kumbuka kwamba Ireneo, askofu wa Lyon, aliinukuu habari hiyo bila kucheka, mnamo mwaka 180. Alikuwa akibishana na waliodai kuwa mwili na udongo ni uchafu wa kukimbiwa. Kwake, wenye haki walioteswa katika dunia hii walistahili kulipwa katika dunia hiihii. Yustino Mfiadini naye aliamini hivyo, ila alikiri wazi kwamba wako Wakristo wengi wacha Mungu wasiokubaliana naye.

Hesabu nazo zikaingia. Kama siku moja kwa Bwana ni miaka elfu, na Mungu aliumba kwa siku sita, basi dunia itadumu miaka 6,000, kisha ije Sabato yake, yaani miaka elfu ya pumziko. Hipoliti wa Roma, mwanzoni mwa karne ya 3, aliweka kuzaliwa kwa Kristo kwenye mwaka 5500 tangu kuumbwa ulimwengu. Kwa hesabu hiyo mwisho ulikuwa bado mbali, na nadhani hilo ndilo alilolitaka. Yeye mwenyewe anasimulia juu ya kiongozi wa kanisa huko Siria aliyewatoa waumini, wake na watoto, kwenda jangwani kumlaki Kristo. Walitangatanga hadi nusura liwali awaue akidhani ni majambazi.

Origene, mwalimu wa Aleksandria, aliikataa njia hiyo ya kusoma maneno kama yalivyo: karamu na miji ya unabii, alisema, ni mafumbo ya mambo ya roho. Nepo, askofu mmoja wa Misri, akaandika kitabu kuwapinga wasomaji wa mafumbo, na vijiji vya Arsinoe, hukohuko Misri, vikagawanyika. Nepo alipokwisha kufariki, Dionisi, askofu wa Aleksandria, alikwenda huko, akakaa na wazee na walimu siku tatu, asubuhi hadi jioni, wakikipitia kitabu hicho hoja kwa hoja. Hakumtukana marehemu, alimsifu kwa imani yake na kwa nyimbo alizowaachia waumini. Mwishowe Korakio, kiongozi wa upande wa Nepo, akakubali mbele ya wote kwamba hataifundisha tena imani hiyo.

Kwa Kanisa la Magharibi, aliyeligeuza zaidi somo hili ni Agostino wa Hippo, karne ya 5. Katika kitabu cha 20 cha "Mji wa Mungu" anasema miaka elfu ni zama hizi za Kanisa, tangu ujio wa kwanza wa Kristo hadi wa pili. Anakiri pia kwamba zamani naye aliwahi kuwa na mawazo ya kiliasimu.