Sauti Haihesabu Samaki Mmoja Mmoja: Dhana Potofu Kuhusu Kupima Akiba ya Samaki

Anayefika Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, alfajiri, boti za dagaa zinaposhusha ndoo na mnada kuanza, huamini kwa urahisi kwamba wingi wa samaki sokoni ndio wingi wa samaki baharini. Kati ya dhana zote zinazohusu akiba ya samaki, hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu ndiyo inayotufanya tuchelewe kushtuka. Samaki wanaofika sokoni hutegemea pia idadi ya boti zilizotoka, bei ya mafuta, ukali wa kusi na hata mbalamwezi, kwa kuwa wavuvi wa taa husubiri usiku wa giza. Ndoo zikijaa kwa sababu boti zimeongezeka, bahari inaweza kuwa inapungukiwa bila sisi kujua. Kwa hiyo kunahitajika kipimo kisichotegemea mvuvi amepata nini, na sauti ni mojawapo ya vipimo hivyo.

Wengi hudhani kwamba chombo cha kupima samaki kwa sauti huwaonyesha kama picha ya kamera, kisha mtaalamu akakaa kuwahesabu. Ukweli ni kwamba chombo kilichofungwa chini ya meli hutuma mlio mfupi kuelekea sakafu ya bahari, kisha husikiliza mwangwi. Sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi unaorudi baada ya sekunde 0.04 umetoka kwenye kina cha mita 30. Kinachopimwa ni muda na nguvu ya mwangwi, na hapo ndipo penye ugumu. Kwa kanuni inayotumika sana, samaki mwenye urefu wa sentimita 40 hurudisha mwangwi sawa na wa samaki wanne wa aina yake wenye sentimita 20 kila mmoja. Lakini huyo mmoja ana uzito wa takriban wanane kati ya hao wadogo. Mtaalamu asiyejua urefu wa samaki waliopo anaweza, kwa mwangwi uleule, kutoa makadirio ya tani yanayotofautiana maradufu. Ndiyo maana meli ya utafiti hushusha wavu, ikavua sampuli, na kila samaki akawekwa juu ya ubao wa kupimia. Bila wavu, sauti peke yake haitoshi.

Si kweli pia kwamba kila samaki husikika sawasawa. Zaidi ya asilimia 90 ya mwangwi wa samaki mwenye kibofu cha hewa hutoka kwenye kibofu hicho, wala si kwenye nyama au mifupa. Dagaa anacho, nguru na papa hawana, kwa hiyo mwangwi wao ni dhaifu kuliko ukubwa wa miili yao.

Wapo wanaohofu kwamba mlio huo huua samaki au huwafukuza. Hofu hiyo inaeleweka katika pwani iliyoumizwa na uvuvi wa baruti, lakini mambo haya mawili hayafanani. Baruti hupasua kibofu kilekile cha hewa kwa mshindo, ilhali chombo cha utafiti hutumia aghalabu mitetemo 38,000 kwa sekunde, ambayo samaki wengi hawaisikii kabisa. Pomboo huisikia, na ni haki kulisema hilo wazi.

Dhana nyingine ni kwamba bahari yetu haijawahi kupimwa kwa njia hii. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen, inayohudumu chini ya ushirikiano wa Norway na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipima maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, na meli mpya yenye jina hilohilo ikaja mwaka 2018. Ila miaka ni mingi mno kati ya vipimo hivyo, na wingi wa samaki wenye maisha mafupi kama dagaa hubadilika msimu hadi msimu.

Wala meli kubwa haifiki kila mahali. Kwenye miamba ya Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyo karibu na Dar es Salaam, maji ni ya kina kifupi, na samaki aliyejibanza karibu na mwamba mwangwi wake humezwa na mwangwi wa mwamba wenyewe. Huko bado hutegemewa mpiga mbizi, anayeogelea kwa kufuata kamba iliyotandazwa chini, akiandika anachokiona upande huu na upande ule.