Mikono isiyotulia: maswali ya wazazi wa Goma kuhusu TDAH na ubunifu wa mtoto

Wazazi wengi huja kwenye kituo chetu cha afya, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa ajili ya homa au kikohozi. Swali lenyewe hulitoa wakiwa wameshasimama, mkono uko mlangoni: "Na huyu, mbona hatulii?" Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

TDAH ni kitu gani? Si utundu tu?

Hizo ni herufi za Kifaransa. Kwa Kiingereza huandikwa ADHD. Ni hali ya ubongo. Mtoto hashikilii umakini, au hatulii na hukurupuka kabla ya kufikiri, na wengine wana yote hayo. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, kwa hiyo baba akicheka na kusema "hata mimi nilikuwa hivyo", ninaandika. Haitokani na sukari, wala malezi mabaya, wala pepo. Duniani inakadiriwa kuwagusa watoto kama 5 katika kila 100.

Daktari hutafuta dalili zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana nyumbani na masomoni pia, tena zinazomkwamisha mtoto. Anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, mimi huanza kwa kuuliza habari za huyo mwalimu.

Wangu alianza kuhangaika tulipokimbia. Naye ana TDAH?

Katika mji huu swali hili halirukwi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbilia Sake na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Milio ya risasi nayo imewaamsha watoto wetu mara nyingi. Mtoto aliyepitia hayo hushtuka ovyo, halali, hasikii akifundishwa, na ukimtazama kwa nje utasema ni TDAH. Swali langu ni moja: kabla ya hapo alikuwaje? Kama alikuwa mtulivu, huenda ni hofu, na hofu ina matibabu yake. Tunaangalia pia masikio, macho, usingizi na njaa. Hata kifafa: kuna kile cha mtoto kukodoa macho sekunde chache, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea.

Ni kweli watoto hawa wana kipaji cha kubuni kuliko wenzao?

Ni nusu ya ukweli. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2020 ilikuta kwamba watu wenye tabia za TDAH kiasi, ambao hawajafikia kiwango cha kuitwa wagonjwa, mara nyingi hutoa mawazo mengi zaidi wakiulizwa, kwa mfano, kopo tupu laweza kufanya kazi gani. Kwa waliothibitishwa na daktari, faida hiyo haikuonekana katika vipimo hivyo, ingawa wengi wao walikuwa na kazi za ubunifu walizozifanya maishani. Na pale jibu linapokuwa moja tu, hawakuwazidi wengine.

Ndiyo maana simwambii mama kwamba amezaa mtaalamu wa ajabu. Huo nao ni mzigo kwa mtoto. Mawazo anayo, shida yake ni kumaliza.

Basi nimsaidieje amalize?

Jirani yetu ana mjukuu wa miaka tisa aliyependa kutengeneza chukudu ndogo. Kwa msomaji wa mbali: chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kinachosukumwa kwa mguu, kinachobeba viazi na makaa hapa mjini. Chini ya kitanda cha mtoto huyo zilikuwapo nne, zote zina usukani, hakuna hata moja yenye gurudumu. Usukani ni mtamu: unaushika, unapiga honi kwa mdomo, umeshafika Kibumba. Gurudumu ni karaha. Uchonge ubao hadi uwe duara, ukate mkanda wa tairi kuukuu, uuzungushe, ugongomee misumari midogo mmoja mmoja.

Nyanya yake alificha tatu juu ya kabati, akaacha moja. Kila jioni alipoteleka maji ya fufu kwenye mbabula alimwambia, "Papa, piga misumari mpaka maji yachemke, kisha ukimbie." Ilikuwa kama dakika kumi hivi. Maji yakichemka, mtoto yuko nje, hata kama msumari umeingia nusu. Siku ya tano gurudumu la kwanza likaisha, limebonyea upande mmoja, linayumba kama mlevi. Nyanya hakulicheka. Alisema, "Hapa mpira umeubana vizuri."

Sidhani kama mtaalamu angempangia vizuri zaidi. Kazi ilikuwa moja, muda ulikuwa mfupi na mtoto aliuona kwa macho yake, na sifa ilikuja palepale kwa jambo alilolifanya. Kumwambia tu "una akili" hakumwonyeshi arudie nini.

Vifaa si lazima vinunuliwe. Vizibo, waya, vipande vya kitenge kutoka kwa fundi wa nguo, katoni na kipande cha mkaa vinatosha. Ila weka vitu vitatu au vinne mbele yake. Ukimwaga gunia zima, atagusa kila kitu na hatatengeneza chochote.

Na hapa nagombana na wazazi wengi: usimnyang'anye kazi ya mikono kama adhabu. "Hukumaliza hesabu, leo hakuna kuchora." Pengine huko kwenye kuchora ndiko peke yake alikofaulu siku hiyo nzima, nawe umemfungia mlango.

Mwalimu analalamika kwamba anachora wakati wa somo.

Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, kwa hiyo nenda kwa mwalimu kwa upole. Omba mtoto akae mbele, mbali na dirisha. Omba pia atumwe: afute ubao, agawe madaftari, miguu yake ipate ruhusa ya kutembea. Kuhusu michoro, mjaribuni. Aulizwe mwalimu alisema nini sasa hivi. Akijibu, aachwe achore ukurasa wa nyuma.

Binti yangu ametulia kabisa, ila ni kama hayupo.

Naye apimwe. Wasichana wengi hukosa umakini bila fujo, ndiyo maana hawagunduliki. Unamtuma chumvi, anarudi na hadithi.

Dawa itaua ubunifu wake?

Tathmini ile ile ya 2020 haikuona, kwa jumla, kwamba dawa hizi hupunguza ubunifu. Inayotumika sana ni metilfenidati. Inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo mtoto hupimwa uzito, mapigo ya moyo na presha. Akizubaa hadi umwone kama mtu mwingine, huenda dozi haimfai. Rudi kwa daktari. Kwa aliye chini ya miaka 6, huanza mafunzo ya wazazi kabla ya kidonge. Usiinunue mtaani, wala usimpe ya mtoto wa jirani.

Niende wapi?

Hapa Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu. Bukavu kuna SOSAME, na Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain. Beba madaftari ya masomo, maneno machache ya mwalimu kwenye karatasi, na kitu ambacho mtoto amekitengeneza mwenyewe. Kama hakijaisha, usimwambie akimalize kwanza. Kilete hivyo hivyo.