Bei Ikishuka Baada ya Kununua: Yanayosemwa Kuhusu Kadi, na Ukweli Wake

Mwalimu mmoja wa sekondari aliingia dukani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, akiwa ameshika simu yenye tangazo. Mwezi mmoja kabla alikuwa amenunua kwangu kompyuta mpakato kwa shilingi 980,000, akalipa kwa kadi yake ya benki. Sasa duka moja la Kariakoo lilikuwa linatangaza kompyuta ya jina hilohilo kwa 850,000.

"Kaka, nimeona video," akaniambia. "Jamaa wa Marekani anasema ukilipa kwa kadi, bei ikishuka unarudishiwa tofauti. Nianzie kwako au benki?"

Alichokiona kwenye ile video kipo kweli, na dada yangu anayeishi Ohio, hukohuko Marekani, alikwisha kunufaika nacho. Ila kati ya video na mfuko wa mwalimu pana maneno mengi ambayo watu wanayachukua kama yalivyo, halafu wanavunjika moyo. Tangu siku ile nimeulizwa na watu wengi, kwa hiyo nayaandika hapa.

"Kadi yoyote yenye nembo ya Visa au Mastercard inarudisha tofauti ya bei"

Hili ndilo kosa kubwa, na mengine mengi yanazaliwa humo.

Huduma hiyo inaitwa ulinzi wa bei. Inafungamana na kadi ya mkopo, yaani kadi ambayo benki inakulipia kwanza kisha wewe unailipa benki baadaye. Kadi ambazo wengi wetu tunazo hapa Kigoma ni za akaunti: hela inayokatwa ni ya kwako mwenyewe, iliyokuwemo tayari. Nembo pembeni ya kadi inaonyesha mtandao ambao malipo yanapitia, basi. Manufaa ya ziada hutegemea benki iliyotoa kadi na aina ya kadi yenyewe, na yanaandikwa kwenye mwongozo wa manufaa wa kadi hiyo. Kadi mbili za benki moja, zenye nembo moja, zinaweza kutofautiana kabisa.

Hata huko Marekani kwenyewe mambo yamebadilika. Zamani ulinzi wa bei ulikuwa wa kawaida kwenye kadi nyingi. Mwaka 2018 kampuni ya kadi ya Discover waliufuta, na benki ya Chase wakauondoa kwenye kadi zao nyingi mwaka huohuo. Benki ya Citi walianza kwa kupunguza viwango, kisha Septemba 2019 wakaufuta kwenye kadi zao nyingi. Siku hizi umebaki kwenye kadi chache. Video nyingi zinazozunguka ni za kabla ya hapo, na video haina tarehe ya mwisho wa matumizi kama kopo la maziwa. Mwenye ndugu ughaibuni amwambie asome mwongozo wa kadi yake wa mwaka huu kabla ya kununua chochote kwa kutegemea huduma hiyo.

Kwa nini huduma hiyo ilifutwa? Sababu moja inayotajwa sana ni kuongezeka kwa madai. Zilitokea programu kama Earny, ambazo zilikuwa zinasoma risiti kwenye barua pepe za mtu, zinafuatilia bei zenyewe na kupeleka madai bila mwenye kadi kunyanyua kidole. Huduma iliyokuwa inatumiwa na wachache wenye subira ya kujaza fomu ikaanza kutumiwa na wengi.

"Duka ndilo linalorudisha hela"

Kwenye ulinzi wa bei, duka halihusiki. Anayelipa ni kampuni ya kadi, mara nyingi kupitia bima iliyo nyuma yake, na kifaa unabaki nacho. Hurudishi kitu dukani wala huombi ruhusa ya muuzaji.

Lipo jambo lingine linalofanana nalo. Yapo maduka yenye utaratibu wao wenyewe wa kurekebisha bei. Apple, kwa mfano, wakishusha bei ya bidhaa yao ndani ya siku 14 tangu uipokee, unaweza kuwaomba tofauti. Hiyo ni ahadi ya muuzaji, haijali umelipa kwa kadi gani. Wanaochanganya mambo haya mawili hupeleka dai mlango usiohusika, na siku zinakwisha wakiwa bado wanazungushwa.

"Ukionyesha tangazo la bei ya chini, inatosha"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo hela hupotelea.

Mwaka 2017 dada yangu alinunua kishikwambi kwa ajili ya mtoto wake, dola 329, mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya Novemba akakiona kwa dola 279. Kadi yake ilikuwa na ulinzi wa bei, akanipigia usiku tumalize fomu pamoja, kwa sababu mimi ndiye mtu wa vifaa kwenye familia. Walitaka risiti ya duka inayotaja kifaa kwa jina na namba ya modeli. Walitaka pia taarifa ya kadi inayoonyesha kwamba malipo yamepita hapo, na tangazo la bei mpya lenye jina la duka, namba ya modeli na tarehe. Vyote alikuwa navyo. Alirudishiwa dola zake 50. Kodi ya mauzo haikuhesabiwa, na kwa kadi nyingi ndivyo ilivyo: wanaangalia bei ya bidhaa tu.

Mwezi uliofuata akajaribu tena kwa televisheni ya inchi 55. Kampuni ileile, ukubwa uleule, hata picha kwenye tangazo ilikuwa moja. Dai likakataliwa. Nikamwambia ageuze televisheni apige picha kibandiko cha nyuma. Namba ya modeli ilikwenda sawa na ya tangazo mpaka herufi mbili za mwisho, hapo zikaachana. Watengenezaji huwa wanatoa matoleo yanayokaribiana kwa ajili ya maduka tofauti au misimu ya punguzo, na kwa macho ya anayepitia madai, herufi mbili zikitofautiana hiyo ni bidhaa nyingine. Dada alikasirika, lakini masharti yalikuwa yameandikwa hivyo tangu mwanzo.

Masharti mengine ya kawaida ni haya: kifaa kiwe kipya, bei ya mnada haikubaliki, bei ya kifaa kilichotumika kikakarabatiwa haikubaliki, na mara nyingi hata bei ya duka linalofunga biashara haikubaliki. Halafu kuna siku. Kadi nyingine zilitoa siku 60, nyingine 90, nyingine 120 tangu siku ya kununua. Kuna pia kikomo cha fedha kwa kila kifaa na kwa mwaka mzima.

Basi nikamwomba mwalimu anipe simu yake tusome tangazo la Kariakoo pamoja, herufi kwa herufi. Kompyuta yake ina RAM ya GB 8. Ile ya tangazo ina GB 4, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, waliandika "used", yaani imekwisha kutumika. Hata angekuwa na kadi nzuri kuliko zote duniani, dai hilo lisingepita.

Nikamwuliza risiti yake iko wapi. Akaitoa kwenye pochi ikiwa nyeupe pee. Karatasi ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, huchapwa kwa joto, na joto hilohilo la mfukoni na la kwenye gari huifuta. Piga picha risiti siku ileile unayoipewa, kabla hujatoka mlangoni. Risiti isiyosomeka itakukwamisha hata kwenye waranti, sembuse madai ya bei.

"Benki ikikataa, unapinga muamala hela inarudi"

Hapana. Kupinga muamala, yaani kuiomba benki iyabatilishe malipo, kupo kwa ajili ya mambo kama kukatwa mara mbili, kulipia mzigo usiofika, au mtu kutumia kadi yako bila idhini. Bei kushuka hakumo. Anayedai hakupokea kifaa wakati anakitumia anadanganya benki, na namwomba kwa dhati asijaribu.

"Sheria ya Tanzania inambana muuzaji arudishe tofauti"

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu na upotoshaji. Haisemi kwamba muuzaji aliyekuuzia kwa bei halali ya jana akurudishie kwa sababu leo bei imeshuka. Lakini kama uliuziwa kilichotumika ukaambiwa ni kipya, hilo ni kosa, na lina pa kulalamikia. Usilichanganye na malalamiko ya bei, maana kosa la kweli litapuuzwa likiwa limefunikwa na dai lisilo na msingi.

"Nunua kwa mkopo wa kadi, bei ikishuka umepata faida"

Tupige hesabu. Umenunua kompyuta ya dola 500 kwa kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani kama asilimia 2 kwa mwezi. Ukiacha deni lilale, kila mwezi linazaa karibu dola 10. Umerudishiwa dola 40 za ulinzi wa bei? Miezi minne imezimeza. Huduma hii ina maana kwa yule tu anayelipa deni lote kila mwezi unapoisha.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa wewe mwenyewe, kaka, unaweza kuniwekea ulinzi wa bei?"

Nilifikiri. Mzigo wangu unatoka Kariakoo kwa basi, na nauli yake iko ndani ya bei. Siwezi kushindana na kila tangazo la Dar es Salaam. Lakini bei ya dukani kwangu mwenyewe naijua. Nikishusha leo kitu nilichomuuzia mtu juzi, naweza kumrudishia, na hiyo ni haki kati ya watu wanaokutana sokoni kila wiki.

Wiki mbili baadaye alirudi kununua printa ya ofisi ya shule, akiwa na mhasibu wao. Kabla ya kulipa akataka tuandike. Nikachukua kalamu, nyuma ya nakala ya ankara nikaandika namba ya modeli yote, mpaka herufi za mwisho, kisha: "Bei ikishushwa katika duka hili ndani ya siku 14, mnunuzi atarudishiwa tofauti." Tarehe, sahihi, muhuri. Mhasibu akaipiga picha papo hapo, na ile risiti ya EFD nayo akaipiga.