Soksi ya mkono kwa wachezaji wa bolingi: inachoweza na isichoweza

Mama mmoja wa makamo alifika katika kliniki yetu ya fiziotherapia hapa Nairobi akiwa amevaa soksi nyeusi ya kubana, imeanzia juu ya kiwiko na kuishia karibu na kifundo cha mkono. Ni mhasibu. Kila Jumatano jioni yeye na wenzake wa ofisini hucheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini, michezo mitatu, na kwa miezi miwili kiwiko chake cha kulia kilikuwa kinamuuma upande wa nje.

"Daktari, hii soksi niliinunua bei ghali, na mwanzoni ilinisaidia sana. Sasa hata kuinua sufuria ya chai siwezi. Imeisha nguvu, ama niliuziwa feki?"

Haikuwa feki. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, ila kazi hiyo siyo aliyodhani ameinunua. Wagonjwa wenye swali kama lake wamekuwa wengi, ndiyo maana naandika.

Tuanze na mzigo wenyewe, kwa sababu bolingi huonekana mchezo mwepesi: taa za rangi, muziki, viatu vya kuazima, soda mezani. Mpira wake unaruhusiwa kufika ratili 16, yaani kilo 7.26. Mhasibu wetu alikuwa anarusha wa ratili 14, kilo 6.35. Mchezo mmoja una fremu 10, yaani zamu 10, na mchezaji wa kawaida hurusha mara 16 hadi 20. Kwa michezo mitatu ni kama mara 50. Zidisha mwenyewe: zaidi ya kilo 300 kwa jioni moja, zote kwa mkono uleule.

Na hapo nimehesabu mpira uliotulia. Mpira unaobembea huuvuta mkono kuliko uzito wake. Ukiurudisha nyuma hadi usawa wa kiuno kisha ukauacha ushuke wenyewe, unapopita chini kabisa huvuta kwa karibu mara mbili ya uzito wake. Ukiurudisha hadi usawa wa bega, huvuta mara tatu, na kilo 6.35 zinakuwa kama 19. Wakati huohuo vidole vitatu vilivyo ndani ya matundu yake ndivyo vinavyouzuia usichomoke, na misuli inayovikaza vidole hivyo haiko kwenye kiganja. Iko kwenye kigasha, kati ya kifundo na kiwiko.

Jaribu sasa hivi. Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, kisha fumba ngumi kwa nguvu. Utahisi misuli ya chini inayokunja vidole ikikaza, na ile ya juu ikikaza pamoja nayo ili kifundo kisilegee. Misuli ya juu hujishikiza kwenye mfupa wa nje wa kiwiko kwa kano fupi ya pamoja, na kano hiyo ndiyo inayolipa gharama ya kila mshiko. Ikichoka kupita uwezo wake wa kujirekebisha, inaanza kuuma. Ndicho kinachoitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Tunawaona mafundi wa bomba, wapishi wa chapati, vinyozi, na sasa wachezaji wa bolingi.

Soksi inaingia wapi hapo? Inafanya mambo matatu, na yote ni ya kweli. Kwanza, inapasha joto misuli na viungo, na kumbi nyingi za bolingi zina viyoyozi vikali. Mkono uliokaa dakika kumi ukisubiri zamu huwa umepoa. Pili, mbano wake hupunguza nafasi ya majimaji kukusanyika kwenye tishu, hivyo mkono haujai sana baada ya mchezo. Tatu, na nadhani hili ndilo kubwa kuliko yote, inagusa ngozi. Ukijigonga kiwiko mlangoni, mkono wa pili huja wenyewe kusugua pale palipoumia, na maumivu hupungua. Watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall waliieleza njia hiyo mwaka 1965: hisia za mguso zinapopanda kwenye uti wa mgongo hupunguza nafasi ya hisia za maumivu kupita. Soksi ni mguso usiokoma. Tena hukukumbusha mkono wako uko wapi, na wengi huanza kuutumia kwa uangalifu zaidi bila kujua.

Kwa uchovu wa kawaida wa misuli, ule unaofika kilele siku moja hadi tatu baada ya kucheza na kuondoka wenyewe, soksi inasaidia kidogo. Tafiti kuhusu mavazi ya kubana zinaonyesha kwamba wanaoyavaa huhisi maumivu pungufu kidogo kuliko wasiovaa. Nguvu za misuli zenyewe hazibadiliki sana. Kama umecheza Jumamosi baada ya miezi sita bila kugusa mpira na Jumapili mkono ni mzito, ivae kwa saa chache, tembea, kunywa maji, na usiwe na wasiwasi.

Kano iliyochoka ni habari nyingine. Mbano wa soksi husambaa sawa kwenye kigasha chote, haupunguzi mvuto pale kano inaposhikana na mfupa. Kuna kifaa kingine kilichobuniwa kwa kazi hiyo: mkanda mwembamba unaofungwa kuzunguka kigasha, sentimita 2 hadi 3 chini ya pale panapouma. Mkanda huo hubana misuli karibu na kano ili sehemu ya mvuto iishie hapo. Mhasibu wetu alipoufunga na kukamata kiti changu kwa mkono ulionyooka, alikiinua. Dakika mbili kabla alikuwa ameshindwa. Lakini hata mkanda ni wa kupumzisha kano. Hautibu.

Mitindo nayo imechangia mkanganyiko huu. Katika msimu wa 2000–2001 mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Allen Iverson, alianza kucheza na soksi ndefu kwenye mkono wa kulia. Alikuwa na sababu: mfuko wa majimaji wa kiwiko chake ulikuwa umevimba. Msimu ule alitangazwa mchezaji bora wa ligi ya NBA, na soksi ikaenea dunia nzima hadi mikononi mwa watu wasio na uvimbe wowote. Sioni ubaya mtu kuivaa kwa sababu inapendeza. Ubaya ni pale inapokuwa ruhusa ya kuendelea kucheza michezo mitatu juu ya kano inayolalamika, na hicho ndicho kilichompata mama yule. Maumivu yalipungua wiki ya kwanza, akaongeza mchezo wa nne.

Nilimwomba Jumatano iliyofuata aje na picha ya mkono wake ndani ya mpira anaoutumia. Kwenye picha, kidole gumba kilikuwa kinaelea ndani ya tundu kama mchi kwenye kinu kikubwa. Mipira ya ukumbini hutobolewa kwa ajili ya kila mtu, kwa hiyo matundu yake huwa mapana, na wengi wetu huchagua mpira kwa rangi. Tundu likiwa pana, kidole hakishikiki chenyewe. Inabidi uminye mpira muda wote ili usikuponyoke, mara 50 kwa jioni. Minyo ile ndiyo iliyomuumiza kiwiko. Kwa uzoefu wangu, mkono unaouma kwa bolingi mara nyingi umeanzia kwenye tundu la gumba, na hakuna soksi inayoweza kulipunguza tundu.

Kabla hujalipia mchezo, pima hivi. Ingiza gumba hadi mwisho na ulizungushe: liguse kuta zote kwa wepesi na litoke bila kuvutwa. Gumba likiwa ndani, laza vidole viwili vya kati juu ya matundu yao. Mkunjo wa kiungo cha pili cha vidole unapaswa kuvuka ukingo wa karibu wa tundu kwa milimita 6 hivi. Ukivuka sana, nafasi kati ya matundu ni fupi na utaminya. Usipofika kabisa, ni ndefu na utajivuta kano za kiganja. Kama mkono tayari unauma, shuka ratili 2 au 3. Hakuna pini itakayokuuliza mpira wako una uzito gani.

Anayecheza kila wiki afikirie kuwa na mpira wake uliotobolewa kwa kipimo cha mkono wake. Ni gharama, najua. Lakini nimeona watu wakimaliza fedha za mpira mzima kwa kununua soksi, dawa za kuchua na vidonge. Wapo pia wanaorusha kwa mikono miwili bila kutia gumba ndani, mtindo uliopata sifa kupitia Jason Belmonte wa Australia, bingwa wa mataji makubwa 15. Gumba hupumzika kweli, ila kiuno na mgongo huinama zaidi. Mwenye mgongo mbovu asiukimbilie.

Kuhusu gumba lenyewe, kuna jeraha linalowapata hasa wachezaji wa bolingi. Ukingo wa tundu husugua neva inayopita upande wa ndani wa gumba, ule unaotazama kidole cha shahada, hadi neva inanenepa. Mtu huhisi ganzi au shoti kwenye ncha ya gumba, wakati mwingine kinundu kidogo kinachouma kikiguswa. Soksi haifiki huko kabisa. Dawa yake ni kupumzika, kulainisha au kusogeza ukingo wa tundu, na kuonwa mapema kabla neva haijakomaa kwa kovu.

Ukiamua kuvaa soksi, nunua kwa kipimo cha sentimita. Maandishi ya "wastani" au "kubwa" peke yake hayatoshi. Pima mzunguko wa kigasha pale palipo panene zaidi na wa mkono wa juu, kisha linganisha na jedwali la kwenye pakiti. Mbano huandikwa kwa milimita za zebaki, kama shinikizo la damu. 15 hadi 20 zinatosha kwa mchezo, na 20 hadi 30 afadhali uelekezwe na mtaalamu. Vaa ikiwa imenyooka. Mkunjo unaojikusanya nyuma ya kiwiko hubana neva ile ile inayokupiga shoti ukijigonga, na kidole cha mwisho huanza kufa ganzi. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikiwa na mchonyoto, ivue hapo hapo. Usilale nayo. Ifue kila ukicheza, kwa kuwa jasho lililokaa ndani huleta vipele na fangasi.

Wapo wasiopaswa kuivaa bila ushauri: mwenye kisukari aliyepoteza hisia mikononi, mwenye matatizo ya mishipa ya damu, mwenye kidonda au ngozi iliyoambukizwa. Mama aliyetolewa tezi za limfu kwapani baada ya saratani ya matiti anahitaji soksi ya kupimwa na mtaalamu. Asivae ya duka la michezo.

Hili lifuatalo naomba lisomwe polepole. Mkono ukivimba wote kwa ghafla, ukawa mzito na wa rangi ya zambarau au buluu, mishipa ikajitokeza begani na kifuani, huo si uchovu. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga kwa watu, hata vijana wenye afya, wanaotumia mkono kwa nguvu. Usiubane kwa soksi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa kiwiko chekundu chenye joto na homa, msuli uliolia "pa!" na kuacha bonde, au maumivu ya mkono yanayokuja na kifua kubana.

Watu wengi huniuliza kuhusu sindano. Sindano ya steroidi huondoa maumivu haraka, na ndiyo maana hupendwa. Watafiti wa Australia waliwafuatilia wagonjwa 165 wa kiwiko cha tenisi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: kati ya waliochomwa steroidi, asilimia 54 ugonjwa uliwarudia ndani ya mwaka, dhidi ya asilimia 12 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Vidonge vya diklofenaki kabla ya mchezo navyo sivipendi. Vinanyamazisha kano huku unaendelea kuichosha, na tumbo na figo zinabeba madhara.

Kinachoijenga kano ni mzigo mdogo unaoongezwa taratibu. Mhasibu wetu alianza na chupa ya maji ya nusu lita. Kigasha kwenye meza, kiganja kikitazama chini, kifundo nje ya ukingo. Mkono wa kushoto unapandisha chupa, wa kulia peke yake unaishusha kwa kuhesabu hadi nne. Mara 15, pumzika, rudia hadi awamu tatu, kila siku. Maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika. Yakizidi hapo au yakibaki hadi kesho yake asubuhi, punguza maji kwenye chupa.

Wiki tatu hakugusa mpira. Wiki ya nne alicheza mchezo mmoja kwa mpira wa ratili 11 wenye tundu linalomkaa, amefunga mkanda, na soksi aliivaa akisubiri zamu ili mkono usipoe. Aliongeza mchezo wa pili wiki ya saba. Wa tatu tumekubaliana asubiri hadi aweze kushusha chupa ya lita moja na nusu, awamu zote tatu, bila kukunja uso.