Ridhaa ya jamii: maana yake katika utafiti na watu wa asili

Ridhaa ya jamii ni ruhusa inayotolewa na jamii ya watu wa asili, kwa utaratibu wake yenyewe, kabla mtafiti hajagusa damu, ardhi, dawa za miti au simulizi zao. Haifuti ridhaa ya mtu mmoja mmoja, bali huitangulia. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linataka ridhaa iwe huru, ya mapema na yenye taarifa.

Sharti la tatu ndilo linaloumiza wengi. Wahavasupai, watu wa asili wa bonde la Grand Canyon, Marekani, walianza kutoa damu mwaka 1990 wakielewa kwamba inachunguzwa kisukari, ugonjwa uliowaelemea. Fomu waliyotia saini ilizungumzia maradhi kwa upana zaidi. Damu hiyohiyo ikaja kutumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuzaana kwa ndugu na hata mababu zao walihamia kutoka wapi, wakati wao wanaamini chimbuko lao ni bonde lilelile. Mwaka 2010 bodi inayosimamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, kilichofanya utafiti huo, ilikubali kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Saini zilikuwepo, uelewa wa pamoja ndio uliokosekana.

Kwa hiyo usiombe jibu kwenye kikao cha kwanza. Eleza, kisha mwombe mtu asiyekuwa mkalimani asimulie upya, kwa lugha yao, alichoelewa. Akitaja faida bila kutaja hatari, hapo hakuna ridhaa bado, rudia maelezo. Uliza pia nani ana kauli. Mwenyekiti aliyeteuliwa na serikali huenda hana mamlaka juu ya dawa au mila, na wanawake wanaozitunza huenda hata hawakualikwa.

Mkataba utaje swali la utafiti, mahali sampuli zitakapohifadhiwa na kwa muda gani, na nani atasoma rasimu kabla haijachapishwa. Matumizi mapya yahitaji ombi jipya. Gharama za wakalimani na za siku za kazi wanazopoteza ziwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Zikisahauliwa, wenyeji ndio wanaozibeba.

Jamii ina haki ya kujitoa wakati wowote. Sampuli hurudishwa au huteketezwa, wachague wao. Takwimu zilizokwisha kuchapishwa hazirudi, na hilo waambiwe kabla sindano haijatolewa.